Shangazi wa Saa Saba

Kazi ya Kalunde ilikuwa kupika maadui, na pale Nkulusi ilikuwa kazi ya heshima. Watu walikwisha kuacha kutazama michezo kwa macho. Mchezo ulisikilizwa kwa kipuli, kidude kidogo kama punje ya mtama kinachokaa ndani ya sikio, na kila nyumba ilisikia mchezo wake. Ukiwa seremala, adui alikuita seremala. Mkeo akiitwa Mwile, adui alimjua Mwile na akamsalimu. Kwa hiyo adui alitakiwa awe na akili ya kujibu, na akili haitoki hewani. Ilitoka kwenye chungu.

Chungu chenyewe hakikuwa cha udongo. Kilikuwa mashine ya chuma yenye kimo cha ndama, kimewekwa chumba cha nyuma cha Nyumba ya Michezo, kinavuma kama nyuki waliofungiwa. Ulitia ndani sauti za mtu aliyekufa, zote zilizopatikana, na hotuba na kikohozi, kisha ulisubiri. Mwisho kilitoka kivuli. Hakina mwili, lakini kinaongea kama mwenyewe, na ukikiuliza jambo ambalo mwenyewe hakuwahi kuulizwa, kinajibu kama ambavyo angejibu.

Wapishi walikuwa na miiko yao. Mwiko mmoja ulisema adui hapikwi kwa mtu mmoja. Unachukua ujanja wa yule jasusi aliyejifanya mshona viatu wakati wa Vita vya Mabwawa, unachukua kicheko cha mwenzake aliyeuza ramani, unachukua ulimi wa mtangazaji wa upande ule, unakoroga. Msikilizaji aseme, huyu kama namjua, lakini asiweze kusema ni nani. Mwiko mwingine ulihusu neno la kwanza. Siku ya kufungua mchezo, maneno ya mwanzo ya kivuli hutolewa na mpishi mwenyewe, papo hapo, bila mtu mwingine kuyapitia, kama mama anavyomwonjesha mtoto maji. Tajiri wa Nyumba anaweza kubadili yote yanayofuata. Neno la kwanza si lake.

Mwaka ule tajiri, Bwana Mihayo, aliuvunja ule mwiko wa kwanza.

"Maadui wako siku hizi ni uji, Kalunde," alisema. "Laini. Mtoto anawameza bila kutafuna. Nataka mmoja mwenye mfupa."

"Mfupa wa nani?"

"Wa Sikitu. Yeye mzima mzima, usimchanganye na mtu."

Kalunde akaweka chini kikombe chake cha chai. Kwetu Bonde la Chini watu hawalitaji jina lile wakiwa wanakula au wanakunywa.

Sikitu alikuwa mtangazaji wa Bonde la Juu, wale waliofunga maji. Vita vilipokolea, redio ya Chini ililipuliwa, ikabaki ya Juu peke yake, na kila siku saa saba mchana yeye ndiye aliyekuwa hewani. "Wapwa zangu wa Bonde la Chini, hamjambo? Mmekula?" Sauti ilikuwa ya shangazi kabisa, shangazi yule anayekuja na kuku chini ya kwapa na kukaa wiki mbili. Kisha alisoma vifo. Vijana wa Chini waliokufa upande ule hawakuwa na njia nyingine ya kufika nyumbani, basi mama zao walikaa karibu na redio ya adui wakisubiri. Naye alisoma vizuri, taratibu, kwa mpango wa kwetu: mfiwa kwanza, marehemu, halafu "habari ziwafikie" mjomba wa mahali fulani na mama mdogo wa mahali fulani, na wote popote walipo. Majina yalikuwa sahihi. Yule jasusi mshona viatu hakuwa akiiba siri za bunduki. Alikaa sokoni na nyundo yake akiuliza, hivi viatu vya nani, na shemeji yako siku hizi yuko wapi? Majina yote yalikwenda Juu.

Vifo vingi alivyosoma vilikuwa vya kweli. Vingine havikuwa.

Na kwetu tangazo la msiba halihojiwi. Ukilisikia unasimama, unafunga kanga, unabeba unga, unakwenda. Kuuliza "ni kweli?" ni tusi kwa wafiwa. Na mtu akishaliliwa, watu wakanyoa nywele kwa ajili yake, huyo hana tena mlango. Hata akirudi mzima na kofia kichwani, haingii kwa mlango wa wazima. Wanamtobolea ukuta wa nyuma, anapita kwa magoti kama mtoto mchanga, wanamwosha na kumpa jina jipya.

Kalunde alilijua hilo kwa karibu kuliko Mihayo. Baba yake mkubwa alizaliwa akiitwa Luhende. Shangazi wa saa saba alimtangaza akiwa hai, amelala hospitali na jeraha la goti. Mama yake akalia, akakataa kula, akafa tangani. Luhende alifika siku chache baadaye. Akakuta matanga mawili, moja lake na moja la mama yake, na la mama yake ndilo lililokuwa la kweli. Tangu siku alipopita ukutani anaitwa Makoye. Pale nyuma ya nyumba mpaka leo kuna kiraka cha udongo mwekundu kisichofanana na ukuta uliobaki, na Kalunde alipokuwa mdogo alikuwa akikaa hapo kuota jua.

Haya yote hakumwambia Mihayo. Alitakiwa kukataa, naye alikubali. Fundi akiletewa mpingo haulizi ulikatwa shamba la nani. Akatia sauti za Sikitu kwenye chungu, akafunika.

*

Kivuli kilipotoka, kwanza kilimchosha. Kilisalimu, kikauliza habari za mvua, kikataka kujua kama bei ya chumvi imepanda. Kalunde alitarajia nyoka, akapata mama wa jirani.

"Shangazi," akamwuliza, "ulikuwa unawadanganyaje watu?"

"Mimi?" Sauti ikacheka kidogo. "Mwanangu, uongo haupikwi sufuria yake peke yake. Uongo ni chumvi. Mboga iwe ya kweli, wewe unanyunyiza tu."

"Na ukweli uliupata wapi?"

"Kwa watu. Watu wanapenda kuulizwa habari za ndugu zao."

Kalunde akatazama ukutani, palipokuwa na taa ndogondogo, kila taa nyumba moja inayosikiliza. Kila nyumba iliyonunua kipuli ilikuwa imekwisha kukitajia watu wake wote, ili mchezo ukolee: mjomba nani, dada kaolewa wapi. Siku hizi mshona viatu hahitajiki. Amekaa ndani ya sikio.

Wakamjaribu Shangazi kwenye nyumba chache za mtaa wa nyuma. Mihayo alimpa kivuli agizo moja tu: wafanye wasikilizaji wakuamini. Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri, Shangazi akisoma vifo vya askari wa mchezoni, na watu wakimtukana kwa raha zao. Kisha Bi Kabula akaja Nyumba ya Michezo na kanga yake ya msiba, nywele zimenyolewa.

Bi Kabula alikuwa mshona mapazia. Alikuwa kwenye cherehani akisikiliza, Shangazi akamtangazia kifo cha kaka yake Ntobi wa Lusanda, na majina yote ya ukoo barabara. Bi Kabula akasimama. Akawachukua wifi zake wawili na debe la unga, wakapanda treni mpaka Lusanda, wakilia njia nzima.

"Ntobi mwenyewe alikuwa juu ya paa anafuta vioo vya jua," alisema. "Akaniona naja na mikono kichwani. Naye akaanza kulia hukohuko juu, maana anajua mimi silii ovyo. Anapiga kelele, 'Dada, nani? Nani amekufa?' Sisi tukainua macho."

Mihayo akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakamtikisika.

"Cheka tu, baba. Na sisi tulicheka, baadaye. Lakini mkewe alikwisha kunisikia nikilitaja jina lake kwa kilio. Akafunga mlango. Anamwambia, 'Mume wangu, umeliliwa, mlango huu si wako.' Ntobi akashinda juu ya paa kama paka mpaka wenzake walipoleta nyundo wakabomoa nyuma. Sasa anaitwa Kashinje, na ile mashine ya kodi haimjui Kashinje."

"Lakini Bi Kabula," Mihayo akasema, "si ungempigia simu kwanza?"

Bi Kabula akamgeukia taratibu.

"Nimpigie marehemu simu?"

"Namaanisha..."

"Nimwambie nini? Kwamba nasikia umekufa, hebu nihakikishie? Wewe ulilelewa na nani?"

"Ulijua kwamba ni mchezo," Kalunde akasema.

"Nilijua." Bi Kabula akatoa kipuli chake kwenye pindo la kanga, akakiweka mezani. "Nilijua kabisa. Lakini tangazo likisomwa miguu inasimama yenyewe, mwanangu. Kujua kunakuja nyuma, kunakukuta kituoni."

Alipoondoka, Mihayo alikizungusha kile kipuli kwa kidole.

"Hatukumwambia afanye hivyo," alisema.

"Hatukumwambia asifanye."

"Unajua nini, Kalunde? Huyu ndiye adui bora kuliko wote tuliowahi kupika. Mtaa mzima unamzungumzia. Vijana wanadhani vita vile vilikuwa mbio za magari. Sasa watajua. Tutaweka onyo mwanzoni: haya ni mchezo tu."

"Bi Kabula alikuwa na onyo."

"Tutaliweka kubwa zaidi."

"Mtoe, nipike mwingine. Wa kuchanganya."

"Siku ya kufungua imetangazwa. Bonde zima limenunua vipuli. Ukikataa kumpa neno la kwanza, Shija atampa. Ameshaniomba."

Na alikuwa anasema kweli. Kivuli kikishapikwa hakirudi kuwa sauti mbichi, na wapishi hawakuwa haba.

Kalunde alikwenda kukaa nyuma ya chungu. Mihayo hakuwa na kosa kwa yote, na hilo ndilo lililomsumbua. Adui wa uji hamfundishi mtu kitu. Watu wakimsikia adui halisi ndipo wanajua jinsi walivyoshikwa. Lakini Ntobi alikuwa amefundishwa nini? Kupita ukutani. Kuonyesha jinsi Sikitu alivyofanya kazi kulikuwa ni kumrudisha kazini.

Mchana huo alimpigia simu baba yake mkubwa, apate kumwambia ni nani aliyepikwa. Mzee Makoye akaongea habari za mbuzi aliyekula kamba yake mwenyewe, akacheka mpaka akakohoa.

"Na wewe, mama, kazi?" akauliza.

"Ipo, baba mkubwa."

"Mnapika nani sasa hivi?"

"Adui tu," Kalunde akasema. "Wa kawaida."

*

Siku iliyotangulia ufunguzi, Kalunde alifunga mlango wa chumba cha nyuma akakaa na kivuli.

"Shangazi, unakumbuka kijana aliyeitwa Luhende, wa Kisonzo? Ulimtangaza."

"Nilisoma wengi, mwanangu." Sauti haikuwa na ubaya wala majuto. Ilikuwa kama ya mtu anayeulizwa ladha ya ugali wa mwaka juzi. "Alikuwa wa kweli au wa chumvi?"

"Wa chumvi."

"Ah. Basi alipata bahati, huyo."

Nje kulikuwa na mtu anafagia. Kalunde alisubiri mpaka mfagiaji akafika mwisho wa ua.

"Na wewe ulikufa wapi, unajua?"

"Nitajuaje? Sauti zangu zinaishia studioni."

"Ulikufa Mshikamo, mpakani. Vita vilipokwisha, Wajuu walikukana, na Wachini wangekuchinja. Ulipanga chumba, ukawa unakaanga vitumbua. Ukafa kwa homa. Halmashauri ikakuzika."

Chungu kikavuma. Kivuli kilikuwa na kawaida ya kujibu upesi, lakini safari hii kilichelewa.

"Nani alisoma?" kikauliza.

"Kusoma nini?"

"Tangazo langu. Nani alisoma?"

"Hakuna."

"Hata saa nyingine? Hata asubuhi, saa za wakulima?"

"Hakuna, Shangazi. Hukutangazwa popote."

"Mimi," sauti ikasema, na kwa mara ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mzee. "Mimi nimewasoma hata makuli."

Hapo ndipo Kalunde alipotoa alichokuja nacho. Alikuwa amekwisha kuligeuza wazo hilo kichwani siku tatu, akilitafutia tundu, na halikuwa na tundu isipokuwa moja, nalo lilikuwa upande wake.

"Kesho saa saba nakupa neno la kwanza. Nataka ujisome mwenyewe. Kifo chako. Tangazo kamili, na ni la kweli."

Kivuli kikafikiri. Kalunde alijua kuwa kimeelewa, maana kilikuwa na akili kuliko watu wengi waliolipwa mshahara pale.

"Wakishanisikia watanilia," kikasema.

"Watakulia."

"Na nikishaliliwa sina mlango."

"Huna."

"Unanitoa kwa kazi yangu mwenyewe, binti. Hii nzuri." Sauti ikacheka kile kicheko cha kuku chini ya kwapa. Kisha ikawa sauti ya mtu wa kazi. "Haya, nipe majina. Mfiwa kwanza. Tangazo bila mfiwa ni uvumi, hakuna atakayesimama. Nani anasikitika?"

Hili ndilo lile tundu. Sikitu hakuwa na ndugu aliyekubali kuwa ndugu. Na anayetajwa mfiwa anaubeba ukoo wa marehemu, na mema yake na machafu yake, wala hapo baadaye haombi kuutua. Mtu wa Chini atakayesomwa kama ndugu wa Sikitu atakuwa ndugu wa Sikitu mpaka kaburini. Na kule Kisonzo kulikuwa na mzee mmoja mwenye redio ya zamani aliyeshinda nayo kila mchana, kwa sababu ambazo hakuwahi kumwambia mtu.

"Mimi," Kalunde akasema.

"Wewe ni nani wangu?"

"Mpwa wako. Ulisema mwenyewe, kila siku, saa saba."

Kivuli hakikucheka.

*

Saa saba ya ufunguzi ukuta wa Nyumba ya Michezo uling'aa kama mbingu ya kiangazi. Nyumba zote za bonde zilikuwa zinasikiliza, na redio zote zilikuwa zimeunganishwa na chungu. Mihayo alivaa koti jipya. Kalunde alikaa mbele ya chungu, akaweka kiganja juu ya kifuniko kama mwiko ulivyotaka.

"Wapwa zangu wa Bonde la Chini," ikasema ile sauti, "hamjambo? Mmekula?"

Wazee waliokuwa hawajaisikia tangu vitani waliweka vijiko chini.

"Bi Kalunde wa Kisonzo, anayefanya kazi hapa Nkulusi, anasikitika kutangaza kifo cha shangazi yake, Sikitu, aliyekuwa mtangazaji wa Bonde la Juu. Kilitokea Mshikamo, na hakikutangazwa. Marehemu aliwasomea vifo vya kweli na vifo vya uongo. Habari ziwafikie waliopita ukutani kwa ajili yake, popote walipo, na wenye makaburi ambayo yasingekuwepo. Habari zimfikie Makoye wa Kisonzo, ambaye ni Luhende. Msiba upo nyumbani kwa mpwa wake. Mwisho wa tangazo."

Kalunde hakuwa amempa hayo maneno ya katikati, ya kweli na uongo na waliopita ukutani. Wala jina la Luhende hakumwambia aliweke. Mpaka leo hajui yalitoka wapi, kwenye chungu au kwa mwenyewe, na ameacha kujiuliza.

Taa moja ukutani ikazimika. Kisha tatu. Kisha zikaanza kuzimika kwa mitaa, kama mtu anayepita na kibuyu cha maji juu ya makaa.

"Wanazima!" Mihayo akasema. "Kwa nini wanazima? Hajaanza hata kuwa mbaya!"

"Hawazimi," Kalunde akamwambia. "Wanasimama."

Mihayo alijaribu kuendelea na mchezo kesho yake, na kesho kutwa. Shangazi aliposema "wapwa zangu", watu walivua vipuli na kuviweka nje ya kizingiti. Hawakuwa na hasira. Walisema tu kwamba huyo ameshaliliwa, na nyumbani kwao hakuna ukuta wa kutoboa kwa ajili yake. Mihayo akamfukuza Kalunde kazi. Tumpe haki yake, alimfukuza kwa heshima, na kwa kuwa kumbe naye alikuwa amelelewa na mtu, alipeleka mchele msibani.

*

Chumba cha Kalunde kilikuwa kidogo, basi tanga lilikaa uani. Bi Kabula alikuja na wifi zake, akakaa, akalia kidogo kwa ajili ya desturi, kisha akaomba chai. Wengine walikuja, wakatazama, wakaondoka bila kuketi. Mmoja alitema mate getini. Kalunde aliona yote hayo. Alikuwa amenyoa nywele na alikuwa anasikia baridi kichwani.

Alikuwa akitazama njia ya kituoni. Hakuna aliyempigia simu kutoka Kisonzo, naye hakupiga.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, Mzee Makoye aliingia uani na fimbo yake, goti lile likiwa zito kwa safari. Begani alikuwa na kifuko cha unga. Watu wakampisha. Wote walikuwa wamelisikia jina lake kwenye tangazo.

Alisimama mbele ya Kalunde. Hakumsalimu.

"Nimesikia tangazo," alisema.

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Umejiita mpwa wa yule."

"Nimejiita."

Mzee akatazama mkeka, akatazama vikombe, akamtazama Bi Kabula na upara wake. Kisha akauliza lile swali ambalo kwetu haliulizwi msibani, na hakuna mtu pale uani aliyefikiri kwamba amekosa adabu.

"Ni kweli safari hii?"

"Ni kweli, baba mkubwa. Amekufa."

Makoye akaushusha ule unga begani, akampa. Kisha akashika fimbo kwa mikono miwili, akalipinda goti lake bovu polepole, akakaa kwenye mkeka upande wa wafiwa.